Aliyekuwa Nyuma ya Zaituni

Sogea hapa unisikilize, na kama una kitu mdomoni kimeze kwanza, kucheka kutafuata, maana najua utacheka. Mie ndiye yule mwalimu wa chekechea aliyesimamisha maziko ya watu kule Madale. Ndiyo, yule anayesimuliwa saluni na kwenye vijiwe vya bodaboda, kwamba kuna mwalimu alimkimbia marehemu mpaka akaenda kuangukia kwenye jeneza lake. Hadithi imezunguka na imeongezewa chumvi (wapo wanaosema nilizimia, si kweli, nilitamani tu kuzimia), kwa hiyo leo naisema mwenyewe, tena kwa mpangilio wake, kwa sababu mpangilio ndio ulioniponza. Aibu ninayo bado. Nikipita mtaa ule natembea kama mtu aliyesahau kitu, naangalia chini mpaka nifike kona.

Naitwa Fausta. Nilizaliwa Masasi, nikaja Dar kusomea ualimu, na wakati huo nilikuwa bado mgeni kwenye kashule kadogo kalichoko juu ya kilima, katika nyumba ya mama mmoja mstaafu tunayemwita Madam Edita. Madam ni mtu wa maneno machache. Siku aliyonipa kazi alinikabidhi ufunguo wa geti, akanionyesha watoto waliokuwa wanacheza mchangani, akasema hapa hana masharti mengi, watoto wakitoka na mimi warudi na mimi, wote, kama walivyotoka, na siku wasiporudi hivyo basi nisihangaike kumpigia simu, niuache ufunguo dirishani niende zangu. Nikamjibu kwamba hilo tu, Madam, halina shida.

Wiki ile tulikuwa tunajifunza maneno ya mpangilio: kwanza, kisha, halafu, kabla, baada, katikati, mwisho. Wewe unayaona maneno mepesi kwa sababu umekwisha kuwa mkubwa, lakini kaa na mtoto wa miaka mitano umuulize amefanya nini asubuhi, atakuambia nimekula chapati halafu nimekuja shule halafu nimeamka halafu mama amenipigia kelele, na kwake yeye ni sawa kabisa, mambo yote yapo, kilichokosekana ni foleni. Usimcheke. Mpe kitu anachoweza kukishika. Mie nilivaa viatu mbele ya darasa, kisha nikavaa soksi juu ya viatu, nikatembea hivyo, nikawauliza nimekosea wapi. Walicheka mpaka wengine wakalala sakafuni, na siku hiyo hiyo kabla na baada zikaingia kichwani bila fimbo wala kupayuka.

Shida ilikuwa kwenye mwisho. Watoto wale hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kwenye mstari, kwa sababu wa mwisho alikuwa anaitwa mkia, anaimbiwa mkia, mkia, mpaka analia. Alikuwepo Junior, mtoto mnene mwenye sauti ya mzee wa baraza, huyo hata kuwa wa pili hakutaka. Basi nikaamua kumpandisha cheo wa mwisho. Nikachukua kitambaa chekundu, nikasema kuanzia leo wa mwisho ndiye mlinzi wetu, atafungwa kitambaa hiki mkononi, na nikiita "Mwisho" yeye atajibu kwa sauti, "Nipo, nyuma yangu hakuna mtu." Siku moja tu, wote wakawa wanagombania nyuma. Nikajiona mwalimu wa kupewa zawadi.

Nikaongeza na sheria moja. Watoto wakitembea kwenye mstari wakigeuka nyuma hugongana na kuanguka, kwa hiyo nikawaambia kila mtu ashike shati la aliye mbele yake, aangalie kisogo chake, na asigeuke. Kisha kwa kujitia kutoa mfano mwema (hapa ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe) nikasema hata mwalimu, akiwa wa mbele, hageuki.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya mvua za rasharasha, zile zinazoanguka bila kelele. Watu wanaofikiri Dar yote ni jua na jasho hawajaiona Madale siku kama ile, vilima vinapovaa ukungu na nyumba za chini zinapopotea, unabaki unasikia jogoo na watu wakiongea lakini huwaoni. Na mtaani kulikuwa na msiba. Bibi Paulina wa geti la bluu alikuwa amefariki, bibi aliyekaa barazani kwake kila asubuhi akiitikia shikamoo za watoto wetu mmoja mmoja, marahaba mjukuu wangu, marahaba mjukuu wangu, bila kumruka hata mmoja, huku akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama mtu anayejua siri yako. Familia yake ni watu wa bara, na walikuwa wamekubaliana kumzika pale pale kwenye eneo lake, chini kidogo ya nyumba, karibu na migomba.

Mtu mwenye akili angewaacha watoto darasani wapake rangi. Lakini mie nilikuwa nimekwisha kuwaahidi kwamba siku hiyo tutajifunzia mpangilio nje: kila mtoto atachuma ua moja uani kwa Madam, tutashuka hadi kwenye kidaraja cha mbao kinachovuka korongo, tutasema nani amevuka kabla ya nani, na ng'ambo ya pili tutayapanga maua kuanzia fupi hadi refu. Nikasema mvua yenyewe ni ya kunyunyiza tu, na kwa heshima ya msiba hatutapita mbele ya nyumba, tutapita kinjia cha nyuma. Uamuzi mdogo huo. Nilivaa koti langu jeupe la mvua, watoto walikuwa na mashati yao meupe ya shule, kila mmoja na ua lake mkononi. Mbele yangu hakukuwa na mtu, nyuma yangu Junior ameshika mkono wangu, na mwisho kabisa Zaituni na kitambaa chekundu. Zaituni ni mtoto mkimya, akisema kitu ujue amekifikiria.

Tulipokaribia uani kwa Bibi Paulina nikainua mkono juu, ishara yetu ya kunyamaza. Wakanyamaza kweli. Tukapita kando ya ua wa michongoma kama watu tusio na uzito, ukungu umeshuka mpaka magotini, kwaya inaimba taratibu upande wa pili wa nyumba, na harufu ya udi na kuni mbichi imening'inia hewani. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Niliona kwa pembe ya jicho kitu cheupe kimesimama pale mlangoni, nikadhani ni shuka imeanikwa. (Shuka, kwenye mvua. Lakini akili ya mtu anayepita msibani haihoji.) Tukapita. Sikugeuka.

Tukafika kwenye kidaraja. Mbao zililia chini ya miguu yangu, kisha chini ya Junior, kisha kwa wengine wote mmoja baada ya mwingine, na mie nasikiliza kwa furaha, najiambia hii ndiyo elimu, mpangilio unasikika kwa masikio. Watoto walikwisha kuvuka wote kwa hesabu yangu ya kusikiliza. Halafu mbao zikalia tena.

Nikasema ni upepo. Nikaendelea kutembea, nikaita kama tulivyozoea.

"Wa kwanza."

"Nipo," akajibu Junior.

"Katikati." Wakajibu wa katikati.

"Mwisho."

Nikaita tena. Nikasikia sauti ndogo ya Zaituni kutoka kwenye ukungu.

"Ticha, mie siyo wa mwisho."

Mie kwa hulka yangu sikasiriki na mtoto, hasa asipoelewa. Nikaendelea kutembea mbele huku naelezea kwa upole, kwamba Zaituni mama, wa mwisho si mtu mbaya, tulishasema, wa mwisho ni yule tu ambaye nyuma yake hakuna mtu, sasa jiulize, nyuma yako kuna mtu?

"Yupo," akasema.

"Nani?"

"Sijui. Ulisema tusigeuke."

"Sasa umejuaje kama yupo?"

"Amenishika sketi. Mkono wake wa baridi."

Nakuambia ukweli, nywele za shingoni zilisimama, na hapo nilikuwa nimevaa wigi. Ukungu ulikuwa umefunga njia yote, naona hatua zangu tu, migomba inatokea kama watu halafu inapotea. Nikataka kugeuka, lakini nimewaambia mwalimu hageuki, na niseme kweli, sheria ile nilikuwa naishukuru, maana nilikuwa naogopa. Junior akaniambia kwa sauti yake ya baraza, "Ticha, mbona unanibana mkono?" Nikamjibu ni baridi.

Nikajipa moyo. Nikasema mtoto yeyote wa mtaani anaweza kuunga mstari, watoto ndivyo walivyo. Basi nikamwambia Zaituni, tena kwa kicheko cha kulazimisha, amuulize mwenzake huyo kama yeye ndiye wa mwisho, na kama ndiye, aseme lile jibu letu.

Nikasikia minong'ono. Kisha Zaituni akasema, kwa utulivu uleule wa mtoto anayerudisha ujumbe kutoka dukani:

"Anasema na yeye siyo wa mwisho. Nyuma yake yupo bibi yake."

"Bibi gani?"

Minong'ono tena.

"Bibi aliyekufa."

Nikageuka.

Sikupanga, mwili uligeuka wenyewe. Nikaona mashati meupe yamepangana kwenye ukungu, nikaona kitambaa chekundu cha Zaituni, na juu ya bega la Zaituni, pasipo mwili, pasipo shingo, nikauona uso wa Bibi Paulina ukiniangalia na kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Nilikimbia. Ningependa kukuambia niliwakusanya watoto kwanza, lakini hapana, niliuachia mkono wa Junior nikakimbia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote yaliyofuata. Mie niliyemwahidi Madam kwamba watarudi na mimi. Nilikimbia kwa njia ya juu inayozunguka korongo kurudi barabarani, koti linapeperuka, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, na kwenye kona tawi la mchongoma likalichukua wigi langu kama mtu anayemvulia mgeni kofia. Wakati huo watoto wangu, kwa kuwa niliwafundisha vizuri, hawakutawanyika wala hawakulia. Walifanya nilichowaambia siku zote: walimfuata aliye mbele yao. Nikikimbia nasikia miguu midogo nyuma, mingi, ikinikimbiza, na katikati yake sauti ya Junior ikiniita nisimwache, na kwenye masikio yangu yale sauti ile haikuwa ya Junior tena.

Mtu mwenye hofu hukimbilia penye watu. Mie nilikimbilia penye kwaya. Kwaya ilikuwa imenyamaza, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili, lakini niliona turubai, nikaona viti na watu wengi wamesimama, nikapita kwenye geti la bluu, nikateleza, nikaenda kujishika kwenye kitu cha kwanza nilichokiona. Kilikuwa mlingoti wa kipaza sauti. Tukaanguka pamoja, mie na kipaza sauti, chini ya meza iliyobeba jeneza, na kwa mdomo wangu ukiwa pale pale kwenye kipaza sauti nikasema maneno ambayo spika zote mbili ziliyapeleka mpaka barabarani:

"Bibi anakuja. Anakuja nyuma yangu."

Waliokuwa karibu na geti waliondoka kwanza. Viti vya plastiki vikaanguka kwa safu. Mama mmoja mwenye khanga alipanda juu ya sufuria la maji, bado sijui kwa nini. Halafu ukungu pale getini ukafunguka, wakaanza kuingia watoto wangu, mmoja baada ya mwingine, wameshikana mashati, maua mikononi, wanahema: Junior analia, wa katikati wametota, Zaituni na kitambaa chake, na nyuma ya Zaituni mtoto wa kike nisiyemjua, mwenye gauni jeupe na utepe wa zambarau, ameibeba kifuani picha ya marehemu kwenye fremu, uso ukiangalia mbele.

Ikasikika sauti ya mwanamke akiita Pendo. Nikamwona anatokea nyuma ya nyumba, magoti yana tope, simu yake bado inawaka tochi. Ndipo nilipoelewa kwa nini kwaya ilikuwa kimya. Walikuwa wanamtafuta huyo mtoto. Mama yake, binti wa marehemu, alikuwa amepiga magoti kwenye shimo la maji taka lililo wazi, anamulika ndani. Mama aliyemzaa yeye yuko kwenye jeneza, naye anamtafuta mwanawe shimoni. Maziko yalisimama kwa ajili hiyo.

Alimkumbatia mtoto pamoja na fremu yake. Wengine walinigeukia mie. Mjomba wa mtoto, mtu mrefu mwenye suti nyeusi, alikuja akasimama juu yangu. Mie bado nimekaa chini, kiatu kimoja, kichwani ile soksi ya kuvalia wigi.

"Mwalimu, umemtoa wapi mtoto wetu?"

Nyuma yake mtu akasema siku hizi wezi wa watoto wanakuja hadi na koti jeupe. Mwingine akasema angalia amemchanganya na wengine ili asionekane. Vijana wa bodaboda waliokuwa wamepanga pikipiki zao nje wakaanza kuingia taratibu, na unajua jambo kama hilo likianza mtaani linavyoishaga. Nikafungua mdomo nieleze. Ewe ndugu yangu, mie ninayefundisha kwanza na kisha, sentensi haikutoka. Nilianza na uso kwenye ukungu, nikarudi kwenye soksi na viatu, nikaruka kwenye mbao za daraja, nikasema mkono wa baridi. Nilikuwa kama mtoto yule wa chapati.

"Anzia mwanzo," mjomba akasema, na hakulisema kwa wema.

Sikuweza. Aliyeweza ni Zaituni. Alitoka kwenye mstari (wenzake wakabaki wameshikana), akasimama mbele ya yule mtu mrefu, akamwamkia shikamoo kwanza, akasubiri aitikiwe.

"Kwanza tulichuma maua," akasema. "Kisha tukapita huko nyuma, tumenyamaza kwa sababu ya msiba. Tulipopita, huyu akaja nyuma yangu. Baada ya hapo tukavuka daraja. Halafu ticha akauliza nani wa mwisho. Mwisho, ticha akakimbia, na sisi tukakimbia."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mjomba akamwinamia Pendo, akamuuliza kwa nini alitoka mlangoni. Pendo alijibu polepole, akiangalia chini. Alisema shangazi alimsimamisha pale na picha. Shangazi alisema watapita watoto wamevaa nyeupe, wana maua, mbele yao mama mwenye vazi jeupe, na yeye afuate nyuma ya wa mwisho. Na asigeuke, kwa sababu bibi atakuwa anakuja nyuma yake.

Shangazi mtu akajishika kichwa. Watoto aliowasema walikuwa wa kanisani, na walikuwepo, wamesimama chini ya turubai na maua yao, wakingoja ibada imalizike. Kwao wao ndivyo wanavyofanya: mtangulizi na msalaba, watoto na maua, mjukuu na picha, kisha jeneza. Na msafara ungepitia uani kweli, kushuka kwenye migomba. Sisi tulitangulia tu. Mtoto alisubiri watoto wa nguo nyeupe na maua, wakaja watoto wa nguo nyeupe na maua, kimya kama alivyoambiwa. Angejuaje? Wewe ungejuaje?

Vijana wa bodaboda wakarudi nje. Mtu akaniinua. Nilidhani limekwisha, lakini Pendo akaanza kulia, siyo kwa sauti, machozi tu yanashuka kwenye kioo cha fremu. Mama yake alimuuliza nini tena, mwanangu.

"Bibi alikuwa nyuma yangu," akasema. "Nimempotezea wapi?"

Mtoto yule alikuwa ametembea mwendo wote ule kwenye ukungu, amevuka daraja, amepanda, amekimbia, akiamini bibi yake yuko nyuma yake, na hakugeuka hata mara moja kwa sababu ya kutii. Mie nikapiga magoti. Aibu nilikuwa nayo, lakini hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Nikamwambia:

"Hukumpoteza. Bibi hajatoka hapa. Kwanza ni msalaba, halafu wenzako wenye maua, halafu wewe, ndipo yeye. Hawezi kuondoka kabla yako. Alikuwa anakungoja."

Akaliangalia jeneza. Akaangalia mlango wa uani, anapima.

"Nikigeuka nimwangalie?"

Nikatazama juu, kwa mama yake na mjomba. Mjomba akafuta uso wake kwa kiganja, akasema, "Geuka, mama. Kila ukitaka."

Msafara ukapangwa upya. Mie na watoto wangu tuliambiwa tukae pale nyuma kabisa, baada ya majirani, na tulikaa, Junior ameukamata mkono wangu kwa mikono yake yote miwili na mie sikuutoa. Nikamwona Pendo kule mbele anatembea hatua chache, anageuka, anatembea, anageuka, na wabebaji walipunguza mwendo ili kila akigeuka awakute wako karibu. Hakuna aliyemharakisha. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba, na kwa mbali ulikuwa huoni waliobeba, unaona jeneza tu likimfuata mtoto.

Baada ya udongo na mashada tulinawa mikono kwenye beseni, watoto wakapewa pilau. Pendo akakaa na Zaituni mkekani. Nikawasikia. Zaituni alikuwa anamwambia mwenzake mkono wake ulikuwa wa baridi sana, alipomshika sketi.

"Sikukushika," Pendo akasema. "Shangazi aliniambia picha niishike kwa mikono miwili."

Nikaacha kutafuna. Zaituni akafikiria kidogo, akaendelea kula. Mie nimejiambia mara nyingi tangu siku ile kwamba ilikuwa kona ya fremu, chuma kilicholowa mvua, kikigusa sketi kila mtoto anapopiga hatua. Hayo ndiyo maelezo yangu na nayashikilia, ila mchana.

Madam Edita nilimkuta amesimama getini kwake. Habari zilikuwa zimekwisha kufika kabla yangu, tena na spika ile alikuwa ameisikia mwenyewe. Aliwaangalia watoto wakiingia, wote, kama walivyotoka ukiacha tope, akaniangalia kichwa na mguu usio na kiatu, nikamnyooshea ufunguo. Hakuupokea. Alisema kesho niende kwa wafiwa kuomba radhi nikiwa nimevaa viatu viwili, kisha niende nyumba kwa nyumba kwa wazazi, nikawaeleze mwenyewe kwamba niliwakimbia watoto wao, nisingoje wasikie kwa wengine. Nilikwenda. Baba yake Junior alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama wigi lilipatikana. Halikupatikana. Wapo wanaosema kuku wa mtu amelalia mayai humo.

Siku hizi wananiita Ticha Anakuja. Nimezoea. Ila tangu siku ile natembea nyuma ya watoto, siyo mbele, na anayetaka kugeuka anageuka, tunasimama tunamngoja. Na nimeacha kuamini kwamba mtoto akiitikia ndiyo basi ameelewa, kwa sababu Pendo alielewa kila neno aliloambiwa, na bado akamwacha bibi yake nyuma.

Kwa hiyo ukitaka kumpa mtoto nafasi kwenye jambo lolote, iwe harusi au safari au msiba, usimwambie tu ukapita. Mshike mkono kabla jambo halijaanza, umpeleke kwa watu wenyewe, umwonyeshe kwa kidole: huyu atatangulia, wewe utamfuata huyu hapa, na wale watakuja baada yako. Halafu mwambie akuelezee yeye, kwa maneno yake, na wewe unyamaze mpaka amalize.